Bomba la boila: wapi pa kubana pesa, wapi pa kulipa

Nyumba nyingi za zamani za Toronto hupashwa joto na boila na radieta za chuma. Boila hizo huwa na valvu ya usalama inayofunguka presha ikifika pauni 30 kwa inchi ya mraba, na maji yanayotoka hapo huunguza. Bomba linaloyatoa kwenye valvu liyamwage wapi?

Aliyehamia kutoka Uingereza atataka kutoboa ukuta na kulitoa bomba nje, kama alivyozoea kuona kule. Toronto usithubutu. Mwezi wa Januari matone machache tu huganda mdomoni mwa bomba, barafu ikaziba njia, na hapo ni kama huna valvu. Tena kutoboa matofali kuna malipo yake.

Nafuu na salama zaidi ni kuliteremsha ndani hadi kwenye tundu la maji la sakafuni, mdomo ukiwa wazi, usizidi milimita 300 juu yake. Bomba lisiwe jembamba kuliko tundu la valvu, lisiwe na koki, wala ncha yake isichongwe nyuzi: yupo atakayechoshwa na matone akafungia kizibo.

Bomba la PVC ni rahisi dukani, lakini huishia nyuzi joto 60 hivi. PEX, plastiki nyingine, huvumilia zaidi, ila hupindapinda, na hapa panatakiwa bomba gumu. Shaba ni ghali, lakini unahitaji futi chache tu. Bei yake haifui dafu mbele ya malipo ya fundi, yanayoongezwa kodi ya mauzo (HST) ya asilimia 13. Nunua shaba.

Wasio na tundu sakafuni huweka ndoo. Ni bure, na uvujaji utauona. Lakini boila nyingi hujijaza maji zenyewe, hivyo valvu ikikwama wazi usiku, asubuhi utakuta bwawa. Ongeza walau king'ora cha betri cha kugundua maji.

Valvu ikidondosha kila siku, mara nyingi mkosaji ni tangi linalopokea maji yanayotanuka. Kulibadilisha ni sehemu ndogo ya bei ya boila mpya, kwa hiyo anayekimbilia kukuuzia boila mwombe kwanza apime tangi. Kama inayodondosha si boila bali ni hita ya maji ya kukodi, wapigie wenye nayo kabla hujamlipa mtu. Na akija mtu kubisha hodi, kumbuka kwamba tangu Machi 2018 Ontario imepiga marufuku kuuza au kukodisha hita za maji mlangoni kwa mtu bila kualikwa. Na kwa boila ya gesi, fundi akuonyeshe leseni ya TSSA, mamlaka ya usalama wa kiufundi ya Ontario, kabla hajagusa kitu.