Kompyuta Pepe Inapogoma Baada ya Kerneli Kusasishwa

Parokia jirani, ambayo sisi tunaoshughulikia kompyuta hapa seminarini huisaidia, ina programu ya zamani ya kutafutia majina ya waliobatizwa. Programu hiyo inafanya kazi ndani ya Windows XP tu. Kompyuta ya ofisi inatumia Ubuntu, hivyo Windows hiyo imewekwa ndani ya VirtualBox kama kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine.

Jumatatu moja dada mmoja alifika kuomba cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa. Kompyuta pepe ikakataa kuwaka, na kwenye kioo yakatokea maneno "Kernel driver not installed (rc=-1908)". Vitabu vyenyewe vimo kabatini, lakini usipojua ukurasa, utapekua kimoja baada ya kingine mpaka jioni.

Mmoja wetu alikwisha kushika kipanya ili aifute kompyuta pepe na kuiunda upya. Tulimzuia, na hilo ndilo tunalotaka wasomaji washike: ujumbe huo hausemi kwamba data imepotea. Kila kitu kilichomo kinakaa katika faili lenye herufi .vdi mwishoni, nalo halijaguswa. Ukilifuta, hapo ndipo utakapolia kweli.

Kilichoharibika ni kingine. Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, kinachosimamia prosesa, memori na vifaa vyote. VirtualBox huingiza vipande vyake humo, vinavyoitwa moduli, na kilicho muhimu zaidi ni vboxdrv. Moduli hujengwa kwa ajili ya toleo moja la kerneli. Ubuntu ilikuwa imejisasisha, ikawaka na kerneli mpya, nayo moduli ilikuwa bado ya ile ya zamani. Kitasa kimebadilishwa, ufunguo ni ule ule.

Kwa kuwa mgeni alikuwa anasubiri, tulichukua njia fupi: tuliwasha kompyuta upya, tukaingia "Advanced options for Ubuntu", tukachagua kerneli ya awali. Jina lilipatikana, na cheti kikaandikwa.

Mchana tulitengeneza vizuri. Kwanza tulipakua heda za kerneli mpya, kwani bila hizo moduli haijengeki:

sudo apt install build-essential linux-headers-$(uname -r)

Kisha, kwa kuwa VirtualBox yetu ilitoka Oracle:

sudo /sbin/vboxconfig

Ikiwa yako ilitoka kwenye hazina ya Ubuntu yenyewe, tumia hizi badala yake:

sudo dpkg-reconfigure virtualbox-dkms
sudo modprobe vboxdrv

Penye Secure Boot kuna kikwazo kingine: kerneli hukataa moduli isiyo na sahihi inayoitambua. Ubuntu ikikuomba utunge nenosiri, liandike mahali. Ukiwasha upya, kioo cha buluu kitatokea. Chagua "Enroll MOK" na uliingize. Wengi hukipita haraka wakidhani ni hitilafu, kisha wanashangaa kwamba hakuna kilichobadilika.

Mwisho tuliweka kifurushi cha linux-headers-generic, ili heda zije pamoja na kila kerneli mpya, na dkms, ambayo hujenga moduli upya yenyewe. Tena tulinakili lile faili la .vdi kwenye diski ya nje, jambo ambalo, tukiri, hatukuwa tumelifanya tangu programu ile iwekwe.