Ugumu wa Gari Haupimwi kwa Macho: Peugeot, Nissan na Toyota Katika Njia za Kibera na Kawangware

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Laiti wangaliishi hadi leo wakapita Kibera au Kawangware wakati wa jioni, pengine wangaliongeza jingine: ukiona vyatembea, jua vimechomelewa. Katika mitaa hii miwili ya Nairobi gari si pambo la kuegeshwa mbele ya nyumba ili majirani walitazame. Gari ni shamba, na ni duka pia. Kwa hiyo mabishano juu ya gari lipi gumu na gari lipi la karatasi huwa makali kuliko hata mabishano ya kandanda.

Nenda kwenye gereji za kando ya Ngong Road, pale karibu na Dagoretti Corner, au simama na madereva kwenye steji ya namba 46 huko Kawangware, au kaa kibandani penye chai karibu na soko la Toi. Utawakuta wazee wanaoapa kwamba tangu Peugeot iondoke barabarani hakuna gari tena, ni mikebe tu. Utawakuta na vijana wanaowacheka wazee hao na kuwauliza hiyo Peugeot yao ilikuwa ikila petroli lita ngapi. Katikati yao yuko dereva wa Nissan ambaye hana wakati wa maneno, kwa kuwa jua likizama bila hesabu ya mwenye gari kutimia, kesho usukani atapewa mtu mwingine.

Ndugu msomaji, jambo hili si porojo za vijiweni. Mtu wa Kawangware anayenunua gari la biashara aghalabu ametumia miaka mingi kuweka shilingi katika chama au katika sako, au ameuza kipande cha shamba la baba yake. Gari hilo moja litamlisha yeye, dereva, makanga, fundi na watoto wa wote hao. Akichagua vibaya, deni la sako halingoji gari lipone. Tena wako abiria, ambao hawakushirikishwa katika uchaguzi wenyewe lakini ndio wanaoketi ndani.

GARI LA PENI TATU

Biashara hii ilianza kwa magari makuukuu. Katika miaka ya 1950 na 1960, watu wa mitaa ya Waafrika walinunua magari yaliyochoka, kama vile gari za mizigo za Ford Thames na Kombi za Volkswagen, wakabeba abiria kwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Kutokana na hizo tatu, Wakikuyu wakayaita “matatu”, na jina likabaki hata baada ya nauli kupanda mara nyingi. Askari waliyawinda magari hayo kwa kuwa hayakuwa na leseni ya kubeba watu, mpaka mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu yafanye kazi bila ya leseni hiyo. Tangu hapo barabara ikafunguka, na swali la gari lipi linafaa likawa swali la riziki.

Jibu la siku zile lilikuwa moja kwa wengi: Peugeot. Aina ya 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, na 504 ikafuata mwaka 1968. Sifa zake Kenya hazikuletwa na matangazo ya karatasi. Zililetwa na mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953, ambazo watu walisimama kando ya barabara kuzitazama kwa macho yao wenyewe. Mwaka 1963, mwaka ambao magari saba tu yalifika mwisho, Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda wakiwa na Peugeot 404. Gari hilo likashinda tena mwaka 1966, mwaka 1967 na mwaka 1968. Kisha 504 ikachukua ushindi wa mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na mwaka 1978 ikawa zamu ya Jean-Pierre Nicolas.

Mtu aliyeona gari likivuka matope ya Safari, halafu akaliona jingine lenye sura ileile likiuzwa mjini, hakuhitaji kuambiwa zaidi. Hata hivyo Wajapani hawakulala. Datsun ilishinda mwaka 1970 na mwaka 1971, na Shekhar Mehta akaiendesha hadi ushindi mara tano: mwaka 1973, kisha mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Joginder Singh, aliyeitwa Simba wa Kenya, alishinda mwaka 1974 na mwaka 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kwa hivyo yule mzee anayesema kwamba magari ya Japani hayakujua barabara zetu amesahau nusu ya hadithi.

SPRINGI NA BATI

Basi tofauti ilikuwa wapi? Kwanza tutazame jinsi yalivyoundwa. Peugeot 504 ya familia, ile ndefu yenye safu tatu za viti, ilikuwa na springi nne za mviringo nyuma, mbili kila upande, juu ya ekseli moja nzima. Springi hizo zilikuwa ndefu na laini. Gurudumu liliingia shimoni na kutoka, lakini kiwiliwili cha gari hakikurushwa. Ndiyo maana abiria wa Nakuru au Kisumu aliweza kusinzia njiani ijapokuwa barabara ilikuwa mbaya. Dereva naye alishika usukani uliomwambia kila alichokanyaga, bila ya kumvunja viganja.

Nissan ya matatu na Toyota Hiace ni kabila jingine kabisa. Magari haya yaliundwa kwanza kwa kubeba mizigo. Nyuma yana springi za mabamba, yaani vyuma bapa vilivyolaliana kama kurasa za kitabu. Yakiwa matupu huruka kama mbuzi, na kila tuta la Kibera Drive humfikia abiria kwenye uti wa mgongo. Lakini yakijaa watu hutulia, mabamba yakakaa sawa, na gari likawa na adabu. Dereva akisema kwamba gari lake haliendeki vizuri mpaka lijae, usidhani siku zote ni tamaa ya nauli. Kuna ukweli wa chuma ndani yake.

Jambo la pili ni pale dereva anapoketi. Katika Peugeot au Corolla injini iko mbele yake. Katika Nissan Caravan au Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, na dereva yuko juu ya magurudumu yenyewe. Kwa kona nyembamba za Kawangware hiyo ni faida kubwa: gari fupi la mbele, macho yanaona mpaka karibu na bampa, na steji yenye watu, mikokoteni na wauza mahindi hupitika bila kumgusa mtu. Hasara yake ni kwamba gari likigonga, kati ya magoti ya dereva na kile alichogonga pana bati na kioo, basi. Abiria anayegombania kiti cha mbele ili apigwe na upepo afaa alijue hilo.

UNENE SI UGUMU

Hapa ndipo tunapofikia kosa linalorudiwa sana vijiweni. Mtu hupiga boneti ya gari la zamani kwa ngumi, likalia “du”, akasema hili ni chuma. Hupiga gari la leo, likalia “ta”, akasema hili ni mkebe. Uzuri wa mkakasi, husema, ndani kipande cha mti. Lakini methali hiyo hukata pande zote mbili. Bati nene la zamani halikupangwa limlinde mtu. Likigonga, nguvu yote ya pigo humwendea aliyemo ndani, na mhimili wa usukani humjia kifuani. Gari la siku hizi limeundwa makusudi sehemu ya mbele ikunjike ili imeze pigo, na chumba cha abiria kibaki kizima. Gari likikunjamana na mtu akatoka mzima, hilo limefanya kazi yake.

Wazee wana haki katika jambo moja: matengenezo. Bati la 404 fundi wa Kawangware alilinyosha kwa nyundo na gogo, akalipiga rangi, na gari likaendelea. Injini yake ilifunguliwa chini ya mwembe kwa spana chache. Gari la leo likishakunjika mbele, ukilinyosha kwa nyundo na kulichomelea hurudisha sura yake, lakini hurudishi ile nguvu iliyopangwa kiwandani. Machoni ni zima. Likigonga mara ya pili ndipo ukweli utakapoonekana. Fundi mwaminifu atakwambia hivyo. Asiye mwaminifu atakuuzia.

Twende kwenye Toyota Probox, ambayo wengi huitania na wengi zaidi huitafuta. Ilitoka mwaka 2002, na haikuficha kusudi lake: ni sanduku lenye magurudumu. Milango yake ni mepesi, na ndani ni plastiki ngumu isiyo na urembo. Lakini injini ile ya lita moja na nusu huzungushwa kwa mnyororo badala ya mkanda wa mpira, kwa hiyo hakuna mkanda wa kukatika ghafla njiani, na spea zake hupatikana Kirinyaga Road hata kabla hujamaliza kutaja jina. Toleo lake la mizigo limepimwa kubeba kilo 400. Tatizo ni kwamba sisi huipakia kama lori, kisha breki zikichelewa kushika tukawalaumu Wajapani.

VITI VILITOKA WAPI?

Katika kulinganisha magari, hapa ndipo watu wanaposahau kabisa. Nusu ya gari la abiria la Nairobi halikuundwa Ufaransa wala Japani; limeundwa hapa. Katika miaka ya 1970 na 1980 pikapu nyingi zilijengewa sanduku la bati na mabenchi nyuma. Pikapu ina chesisi iliyojitenga, mfano wa ngazi iliyolazwa, na juu yake fundi anaweza kujenga atakacho. Mabasi madogo ya Isuzu hivi leo hufuata njia hiyohiyo: chesisi na injini huunganishwa katika kiwanda cha Nairobi kilichokuwa cha General Motors na ambacho tangu 2017 kinaitwa Isuzu East Africa, kisha bodi hujengwa na mafundi wetu.

Gari za Nissan na Hiace nazo nyingi ziliingia nchini zikiwa za mizigo, zikatobolewa madirisha na kutiwa viti hapa. Basi kiti ulichokalia kinashikwa na kile alichochomelea mtu ambaye humjui. Sheria za John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilidai mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na ule mstari wa manjano. Lakini mkanda uliofungwa kwenye kiti kisichoshika sakafu ni sawa na kumfunga mbuzi kwenye kigingi cha mchangani.

Wala tusidhani kwamba Mwafrika hawezi kuunda gari zima. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Hayakufika sokoni, fedha zikapungua, na mradi ukazimika. Halafu miaka hiyohiyo ya 1990 milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ya Japani ikamiminika kupitia Mombasa, na kuunda magari hapa kukadhoofika. Ujuzi wa mikono haukufa lakini. Ulihamia kando ya barabara, kwenye jua kali, ambako haupimwi na mtu.

Basi mnunuzi afanyeje? Asipige boneti ngumi. Ainame chini atazame chesisi na sakafu: mshono wa kiwandani ni nyororo na wa kipimo kimoja, wa kuchomelea ni wa mabonge. Atazame nafasi kati ya mlango na bodi, kama juu ni nyembamba na chini ni pana, ajue gari limewahi kukunjika. Abonyeze kona ya gari kwa nguvu na kuachia. Likichezacheza zaidi ya mara moja au mbili, shokomzoba zimekwisha. Aliendeshe penye matuta na si kwenye lami peke yake, tena aliendeshe likiwa na watu, maana gari la biashara halinunuliwi lifanye kazi tupu. Akishika breki barabara iliyonyooka, lisivute upande. Mwisho atikise kila kiti kwa mikono miwili.

Hayo yote hayachukui saa moja, na hayagharimu kitu. Peugeot ilistahili sifa zake, Toyota inastahili zake, na Nissan imelisha nyumba nyingi kuliko inavyoshukuriwa. Lakini jina la kiwanda lililobandikwa mbele ni ushahidi wa siku gari lilipozaliwa tu. Mambo yaliyolipata baadaye yameandikwa chini, mahali ambapo lazima mtu achafue magoti ili ayasome.