Mitambo Tunayo, Kazi Yetu i Wapi?

Wako ndugu zetu wanaodhani kwamba utamaduni na mitambo ni maadui wawili wasioweza kukaa nyumba moja. Kwa fikira zao, simu ikiingia kijijini ngoma hutoka, na kijana akijua kompyuta husahau litungu. Wako na wengine wanaofikiri kinyume, kwamba utamaduni ni mzigo wa wazee, unaofaa kuwekwa katika makumbusho ili wageni wautazame, na sisi tuendelee na safari yetu. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: wote wanauhesabu utamaduni kuwa kitu kilichokwisha kutengenezwa, ambacho kazi iliyobaki ni kukilinda au kukitupa.

Tutazame mambo yalivyo katika Mkoa wa Mara. Wavuvi wa dagaa wa Musoma walizoea kuingia ziwani usiku na karabai. Leo wengi wao huenda na taa za umeme wa jua. Hakuna aliyesema kwamba uvuvi umekufa. Kadhalika litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane, lilifungwa zamani kwa kano za wanyama, kisha nailoni ikaja kushika mahali pake, na wazee hawakulikana litungu lao kwa sababu hiyo. Tena litungu lenyewe ni chombo kilichobuniwa na fundi aliyejua mti upi unalia na ngozi ipi inarudisha sauti. Kwa hiyo mabadiliko ya vyombo si jambo geni kwetu. Jambo linalotupasa kuuliza ni hili: chombo kinapobadilika, ni nani anayekitumia, na anakitumia kusema neno gani?

Mtu akitoka Bunda na kufuata njia ya Kisorya hufika kivukoni, na ng'ambo ya maji ni Ukerewe. Huko aliishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Aliona kwamba mila na lugha ya wazee wake zitapotea zisipoandikwa, akaketi na kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke waliokosa mtoto lakini hawakukosa mapenzi, na ndani yake akatia kilimo, uvuvi, uganga, ndoa na adabu za watu wake. Aliimaliza mwaka 1945. Hakupatikana mtu wa kuichapa. Baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ndipo mwaka 1980 ikatolewa na Tanzania Publishing House kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Kitabu kilingoja mtambo kwa muda wa miaka 35.

Leo mambo yamegeuka. Kijana wa Musoma anacho mfukoni chombo kinachoweza kunasa sauti, kupiga picha na kuipeleka kazi yake Dar es Salaam, Muscat au London kwa dakika moja. Lakini mara nyingi kijana huyo hana la kupeleka. Chombo chake ni cha kupokelea nyimbo za wengine, michezo ya wengine na hata mizaha ya wengine. Kitereza alikuwa na kitabu bila mtambo; sisi tuna mitambo bila kitabu. Nasi twasema kwamba hatari ya sasa ni kubwa kuliko ile ya zamani, maana kitabu kiliweza kungoja mtambo, lakini mtambo haungoji mtu. Usipoulisha wewe, hulishwa na mwenzako.

Jambo hili limezidi uzito tangu ilipokuja mitambo ya akili mnemba. Mitambo hii hujifunza kutokana na yale yaliyokwisha kuandikwa na kurekodiwa. Lugha yenye maandishi mengi huijua vizuri. Isiyo na maandishi ni kama haikupata kuzungumzwa. Kwa bahati njema, wataalamu wa lugha waliofanya kazi zao Musoma wamekwisha kuziwekea tahajia lugha kadhaa za mkoa huu. Tahajia ni jembe, na shamba bado halijalimwa. Wala hatusemi haya ili kurudisha ukabila. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na mfano wa Kitereza wonyesha kwamba aliyetunza lugha ya nyumbani kwake ndiye aliyelipa taifa zima zawadi kwa Kiswahili.

Yafaa pia tukumbuke mfano wa Butiama. Mwalimu Nyerere alizaliwa hapo mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na mwaka 1934 akaanza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma. Desemba 1962, alipokuwa Rais, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akauliza ni wangapi wanaojua gombesugu, mangala au lelemama, na hali wengi walikuwa mabingwa wa rumba na chachacha. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Naye alitenda alivyosema. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Alichukua kazi za Shakespeare akazisemesha Kiswahili, akaonyesha kwamba lugha yetu yaweza kubeba mambo makubwa. Hiyo ndiyo maana ya kupokea kitu cha kigeni kwa kukifanyia kazi.

Sasa Butiama ina makumbusho ya Mwalimu, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na tena imewekwa hapo makao makuu ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina lake. Majirani hawa wawili wasiishi kama wageni. Wenye kutunza kumbukumbu na wenye kujua mitambo wakikaa pamoja, sauti za wazee zaweza kuhifadhiwa hapa hapa mkoani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki wa wananchi, na kazi zake zimetunzwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Twamshukuru kwa kutunza, lakini haifai mjukuu avuke mipaka kwenda kutafuta sauti ya babu yake.

Liko pia jambo la riziki. Mpiga litungu akichezea arusi Bunda, wenye simu humrekodi, na picha zake husambaa. Aliyezisambaza aweza kupata fedha. Mwenye litungu hupata makofi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii, na haikuzisahau sanaa za jadi, lakini sheria isiyojulikana kijijini haimlindi mtu wa kijijini.

Kwa hiyo tunasema hivi. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama ziwatume maofisa utamaduni wao vijijini, warekodi kwa idhini na waandike jina la kila mtunzi, na kumweleza haki yake. Shule zitumie nafasi ya mkondo wa amali, ulioletwa na mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024, kuwaita mafundi wa litungu wawafundishe watoto kulichonga na kulipiga, na fundi alipwe kama mwalimu. Na ninyi vijana, msitosheke kuhifadhi. Tungeni! Imbeni juu ya dagaa na bei yake, juu ya kivuko cha Kisorya, juu ya ziwa linalowalisha. Wimbo uliohifadhiwa ni mbegu ghalani, na mbegu isiyopandwa mwisho wake huliwa na wadudu.