Hatari ya kostiki soda iliyowekwa katika chupa ya soda

Mitaani kuna watu wengi wanaojitengenezea sabuni ya maji na kuwauzia majirani. Baadhi yao huyeyusha kostiki soda katika maji, na inayobaki wakaitia katika chupa ya soda. Ukiitazama ni maji matupu, wala haina harufu. Mtoto mwenye kiu atajuaje?

Ukali wa kitu kama hiki hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, kilichobuniwa mwaka wa 1909 na Sørensen, mwanakemia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg, watengenezaji wa bia. Kwa kawaida huanzia 0 hadi 14. Maji safi huwa 7. Chini ya hapo ni asidi, kama maji ya ndimu ambayo hukaribia 2. Juu yake ni alkali, kama maji ya majivu au ya magadi. Damu ya mtu mwenye afya huwa kati ya 7.35 na 7.45.

Wengi hudhani kwamba 13 imezidi 12 kwa kidogo tu. Sivyo. Kila hatua ni mara kumi. Gramu 40 za kostiki soda zikiyeyushwa katika lita moja ya maji, pH huwa karibu 14. Chukua kikombe kimoja cha maji hayo, uyazimue kwa vikombe tisa vya maji safi: pH itashuka hadi 13 tu. Zimua tena vivyo hivyo, utapata 12. Umekwisha kupunguza ukali mara mia, na bado yanaunguza, kwa maana kitu chochote chenye pH ya 11.5 au zaidi huhesabiwa kuwa chaweza kudhuru vibaya ngozi na macho.

Alkali kali huyeyusha mafuta na protini za mwili, kama vile inavyogeuza mafuta kuwa sabuni, na hivyo huzidi kupenya ndani. Umio ukiungua, kovu lake hujikunyata na njia ya chakula ikawa nyembamba. Kuna watoto ambao hata uji hauwapiti, na daktari hulazimika kuipanua njia hiyo mara kwa mara.

Mtoto akinywa, usimtapishe, kwani umio utaungua mara ya pili. Usimpe ndimu wala siki ukitumaini kwamba asidi itaua alkali; zikikutana hutoa joto. Wala usimjaze maziwa, maana anaweza kutapika. Msuuze kinywa, ateme, kisha mkimbize hospitali pamoja na ile chupa. Ikimwagikia ngozi au macho, vua nguo zilizolowa na uoshe kwa maji yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20 kabla ya kwenda kwa daktari.

Nawe mtengenezaji, tia kostiki kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, kwani huchemka ghafla na kuruka usoni. Itakayobaki ifungie katika chombo chake chenye maandishi, mahali pasipofikiwa na watoto.