Je, wajua? Mshale mdogo unaojua nyumba yako itaisha lini

Mwenye kiwanja mtaa wa Karavia, Lubumbashi, karibu na ziwa na ile hoteli kubwa inayobeba jina la mtaa, akiamua kupanga ujenzi wake kwa kompyuta ataletewa picha ya vipande vya rangi. Kila kipande ni kazi moja: msingi, matofali, kuta, paa. Kipande kirefu ni kazi ya siku nyingi, kifupi ni ya siku chache. Wengi hukimbilia kipande cha mwisho, wakasoma tarehe, wakaridhika. Kitu chenye akili kuliko vyote kwenye picha hiyo hawakukitazama. Ni mshale mwembamba unaotoka mwisho wa kipande kimoja na kuingia mwanzo wa kingine.

Mshale huo una neno moja tu la kusema: hiki hakianzi mpaka kile kiishe. Wapangaji huuita utegemezi. Kazi iliyo nyuma ya mshale ni kitangulizi, iliyo mbele yake ni kifuatizi. Ukifungua programu ya Microsoft Project kwa Kifaransa, lugha ya ofisi za Lubumbashi, utaukuta umeandikwa FD, yaani fin à début, mwisho kwa mwanzo.

Tuchukue nyumba ya kubuni, yenye kazi tano, inayoanza tarehe 1 Septemba. Kuchimba na kumwaga msingi ni siku 12, halafu zege liachwe siku 7 lishike. Siku hiyohiyo ya kwanza watu wengine wanaanza kufyatua na kuchoma matofali, siku 30. Lubumbashi udongo wake mzuri hutoka kwenye vichuguu, vile vilima vya mchwa vinavyomzidi mtu kimo mara kadhaa. Mchwa amekwisha kuuchambua na kuupandisha udongo wa mfinyanzi, fundi anakuja kuvuna. Kuta ni siku 25, nazo zinangoja mambo mawili: zege likomae na matofali yapoe. Mabati na mbao vinaagizwa siku ya kwanza kupitia mpaka wa Kasumbalesa, siku 50 hadi lori lifike. Kuezeka ni siku 10, nako kunangoja kuta na lori.

Sasa tazama mishale inavyofanya kazi. Msingi na kungoja kwake vinaisha siku ya 19, matofali siku ya 30. Kuta haziwezi kuanza kabla ya hapo, kwa hiyo zinaisha siku ya 55, tarehe 25 Oktoba. Lori limefika siku ya 50, linangoja. Paa linaisha siku ya 65, tarehe 4 Novemba, mvua za Katanga zikiwa zinabisha hodi. Programu ikishafika mwisho hugeuka na kurudi nyuma ikiuliza kila kazi: wewe ungeweza kuchelewa siku ngapi bila kuigusa tarehe ya mwisho? Msingi unajibu siku 11. Lori linajibu siku 5. Matofali, kuta na paa vinajibu sifuri.

Mnyororo huo wa sifuri ndio wapangaji wanaouita njia nyeti, na hapo ndipo picha ya vipande peke yake inapodanganya. Mwenye nyumba akija kukagua wiki ya pili atamkaripia fundi wa msingi, maana shimo ndilo linaloonekana na fundi ndiye aliye karibu. Kumbe fundi huyo ana akiba ya siku 11 mfukoni, na nyumba inacheleweshwa na tanuri la matofali ambalo bosi hajalikanyaga. Kumlipa fundi wa msingi nyongeza ili awahi ni kutupa pesa.

Halafu lori likwame Kasumbalesa siku 8. Kila mfanyabiashara wa Lubumbashi anaijua foleni ile. Mabati yanafika siku ya 58, paa linaisha siku ya 68, tarehe 7 Novemba. Nyumba imechelewa siku 3, si 8, kwa sababu 5 zilimezwa na akiba. Ila kuna jambo zaidi: njia nyeti imehama. Sasa inapita mpakani, na wale wachoma matofali waliokuwa wakisukumwa usiku na mchana wamepata siku 3 za kupumua. Hakuna kipande cha rangi kitakachokuambia hivyo. Mshale utakuambia, ukijua kuutazama.

Lubumbashi yenyewe ilizaliwa kwa mtindo huo wa kazi moja kuingoja nyingine. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906 kuchimba shaba ambayo watu wa Katanga walikuwa wameiyeyusha karne nyingi kabla. Madini ya mgodi wa Étoile yalikuwepo tayari. Lakini tanuru la kisasa lilihitaji koki, koki ilitokana na makaa ya mawe ya Wankie, ambayo leo ni Hwange nchini Zimbabwe, na wala tanuru wala koki si mzigo wa wapagazi. Kwa hiyo kazi zote zilikuwa nyuma ya reli. Reli ilivuka daraja la Victoria Falls mwaka 1905, ikafika Broken Hill, Kabwe ya leo, mwaka 1906, ikasimama pale miaka kadhaa. Wakati huo wote shaba ya Katanga ilikuwa kipande cha rangi kisichoweza kusogea. Mwaka 1909 reli ikafika Sakania mpakani, mwaka 1910 ikafika mahali ulipoanzishwa mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na mwaka 1911 tanuru la kando ya mto Lubumbashi likamimina shaba yake ya kwanza. Angalia jinsi miaka inavyofuatana: 1909, 1910, 1911. Kizuizi kilipoondoka, mishale yote iliyokuwa nyuma yake ilifyatuka.

Wahandisi wa zama zile waliijua mifuatano hiyo kichwani, hawakuwa na namna nzuri ya kuichora. Mmarekani Henry Gantt, ambaye jina lake limebaki kwenye chati ya vipande, alifariki mwaka 1919, na chati zake hazikuwa na mishale. Mpolandi Karol Adamiecki alikuwa amemtangulia: mwaka 1896 alibuni ubao wa vibanzi vya karatasi, kila kibanzi kikiwa kazi moja na kikibeba orodha ya kazi zinazokitangulia. Aliandika kwa Kipolandi na Kirusi, na huko Magharibi wachache walimsoma. Kwangu mimi, yeye ndiye baba wa jambo hili, ingawa jina la chati amelichukua mwingine.

Hesabu ya kwenda na kurudi niliyoieleza juu ilikuja na kompyuta. Kuanzia mwaka 1957, Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand waliifanyia kazi kwa mashine ya UNIVAC. Waliijaribu kwenye kiwanda cha Louisville, Kentucky, ambacho kilibidi kuzimwa kwa ajili ya matengenezo, na muda wa kuzima ukashuka kutoka saa 125 hadi 93. Mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani likatangaza mbinu yake, PERT, kwa ajili ya makombora ya Polaris. Ikapata sifa kuliko zote, ingawa mtafiti Harvey Sapolsky alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972 kwamba chati zile ziliwatuliza wakubwa zaidi ya zilivyoliongoza kombora. Mwaka huohuo wa 1958, Mfaransa Bernard Roy alileta mbinu ya potentiels Metra, ambamo kazi ni kisanduku na utegemezi ni mshale. Programu nyingi za leo huchora hivyo.

Si kila mshale ni wa mwisho kwa mwanzo. Kuna mwanzo kwa mwanzo: mpaka rangi wa chumba cha pili anaanza siku mbili baada ya mpiga lipu kuanza, wanafuatana chumba kwa chumba. Kuna mwisho kwa mwisho, na mfano mkubwa wa Kongo ni laini ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, iliyokamilika mwaka 1982 baada ya takriban mwongo mmoja wa kazi. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, hivyo kila ncha inahitaji kituo cha kuugeuza. Kituo cha Inga kikiisha na cha Kolwezi hakijaisha, hujapata hata wati moja. Aina ya nne, mwanzo kwa mwisho, ni adimu hata wapangaji wengine hawajawahi kuitumia: sentineli wa usiku haondoki mpaka yule wa mchana aingie zamu. Na kila mshale unaweza kubeba siku za kungoja, kama zile 7 za zege, ambazo kwenye safu ya vitangulizi huandikwa kwa alama ya kujumlisha: 2FD+7, ambapo 2 ni namba ya kazi inayotangulia.

Jambo moja tu programu haikubali. Ukiiambia kazi ya kwanza iingoje ya pili, na ya pili iingoje ya kwanza, itakugomea papo hapo. Sisi binadamu tunaishi ndani ya duara hilo kila wiki, ofisi hii ikitaka karatasi ya ile, na ile ikitaka karatasi ya hii.

Ugumu unabaki kwenye macho. Kazi 20 na mishale yake zinasomeka vizuri. Kazi 300 zikichorwa na mishale yote, skrini inakuwa utando wa buibui na mtu anaikimbia. Ukiamua kutazama mtandao wa visanduku badala ya vipande, utaona vizuri nani anamngoja nani, ila urefu wa siku unapotea. Safu ya vitangulizi haina urembo, ni tarakimu tupu, lakini mimi huanza nayo, kwa sababu haifichi kitu: kazi yenye nafasi tupu katika safu hiyo ama ni ya siku ya kwanza ama imesahauliwa.

Njia nzuri kuliko zote ni kuuliza kuhusu kazi moja tu. Tangu toleo la 2013, Microsoft Project huweza kupaka rangi njia ya kazi uliyoibonyeza: zilizoitangulia rangi moja, zitakazoifuata rangi nyingine, utando wote mwingine ukibaki kimya. Inaweza pia kukuonyesha kitangulizi kinachoiburuta kazi hiyo. Paa letu lina vitangulizi viwili, ila kabla lori halijakwama ni kuta tu zinazoamua tarehe yake. Kutofautisha kitangulizi kinachongojwa tu na kile kinachoamua tarehe ndiyo kazi nzima ya kutazama utegemezi. Asiye na pesa ya leseni anaweza kutumia GanttProject, ya bure tangu 2003, au ProjectLibre iliyotoka mwaka 2012. Miradi mikubwa ya ujenzi na migodi hupenda Primavera, iliyonunuliwa na Oracle mwaka 2008, na kwenye nyumba ya vyumba vitatu hiyo ni kuua sisimizi kwa rungu.

Kuna tabia inayoiharibu picha yote, nayo ni kuandika tarehe kwa mkono. Mpangaji aliyechoka, au anayetaka bosi aione tarehe anayoipenda, anaiandikia kazi siku ya kuanza badala ya kuiacha ivutwe na mshale. Kazi ikiwa imewekwa ipangwe kwa mkono, programu inatii, kipande kinagandishwa hapo. Kuanzia saa hiyo lori linaweza kulala Kasumbalesa mwezi mzima na paa likaendelea kuonyesha 4 Novemba bila aibu. Mishale imebaki pambo.

Kwa hiyo mkandarasi akikuletea ratiba iliyochapwa kwenye karatasi, au picha kwenye simu, mshukuru, kisha umwombe faili lenyewe. Lifungue kwenye safu ya vitangulizi, urefushe siku za kazi moja ya mwanzo yenye akiba ndogo, tuseme tanuri la matofali, kwa siku 10. Tarehe ya mwisho isiposogea, usitie saini.