Tairi la Nyuma la Tuktuk: Soma Maandishi Kabla ya Kulipa

Vikundi vingi tunavyotembelea Thika na Ruiru siku hizi vina tuktuk. Vingine vina ile ya abiria, vingine ile ya mizigo yenye bodi ya chuma nyuma, inayobeba maji, mboga, simenti na hata mawe ya kujengea. Mara nyingi imenunuliwa kwa mkopo, na mkopo una tarehe yake kila mwezi, tuktuk ifanye kazi au ilale. Kinachoilaza mara nyingi si injini. Ni tairi la nyuma.

Magurudumu mawili ya nyuma ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya mzigo, na ndiyo yanayosukuma chombo. La mbele kazi yake ni kuongoza na kusaidia kufunga breki. Kwa hiyo ya nyuma huisha kwanza. Hapo mweka hazina hufungua daftari, akaona pesa ni kidogo, akamwambia dereva atafute tairi la bei nafuu. Jambo hili tunaomba mlifikirie vizuri, ndugu wasomaji, kwa sababu hapa ndipo vikundi vinapopoteza pesa, na siku mbaya zaidi, mtu.

Tuanze na mtego ambao wengi hawaujui. Tuktuk za abiria tunazoziona Thika, kama Bajaj RE, hutumia tairi lililoandikwa 4.00-8. Maana yake ni kwamba upana wa tairi ni inchi 4 na rimu ni ya inchi 8. Sasa nenda duka la vifaa vya ujenzi ukaangalie tairi la wilibaro. Kumbe nalo mara nyingi limeandikwa 4.00-8! Linaingia kwenye rimu ya tuktuk bila shida, linajaa upepo, linafanana kabisa, na bei yake ni ya chini. Mwenye duka atakuambia "ni ileile tu." Si ileile. La wilibaro limetengenezwa kusukumwa na mtu anayetembea kwa miguu, si kukimbia kilomita 50 kwa saa na watu wanne ndani. Mengine huwa na herufi NHS ubavuni, ambazo zinamaanisha kuwa tairi hilo si la kukimbia barabara kuu. Likipata joto, mpira huachana na nyuzi za ndani, na halikupi taarifa kabla ya kupasuka.

Kwa hiyo saizi peke yake haitoshi. Tazama alama nyingine ubavuni.

Utaona 4PR, 6PR au 8PR. Zamani namba hiyo ilikuwa hesabu ya matabaka ya kitambaa cha pamba ndani ya tairi. Siku hizi nyuzi ni za nailoni na matabaka yanaweza kuwa machache, lakini namba imebaki kuwa kipimo cha nguvu. Kanuni yetu ni rahisi: angalia matairi yaliyokuja na chombo kutoka kiwandani, au kitabu chake, na usishuke chini ya hapo. Kupanda unaweza, lakini msidanganyike. Tairi la 8PR haliongezi nguvu ya ekseli wala ya breki, nalo hutaka upepo mwingi zaidi ndiyo libebe uzito wake.

Halafu kuna namba na herufi zilizoandikwa pamoja, kwa mfano 71J. Namba ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, herufi ni mwendo wa juu kabisa. Namba 71 ni kilo 345, 76 ni kilo 400, 80 ni kilo 450, 88 ni kilo 560. Herufi E ni kilomita 70 kwa saa, F ni 80, J ni 100. Ziandikeni kwenye daftari la kikundi, mtu asikariri.

Tufanye hesabu ya tuktuk ya maji. Tuseme chombo chenyewe ni kilo 400, dereva kilo 70, na mitungi 30 ya lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi maji peke yake ni kilo 600. Jumla ni kilo 1,070. Mzigo umekaa juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo tukadirie kilo 800 ziko nyuma, yaani kilo 400 kwa kila tairi. Tairi la namba 76 liko ukingoni hapo, halina akiba hata ya shimo moja la barabara. Mkipakia mitungi mitano zaidi "kwa sababu ni Jumamosi," mmeshapita. Tuktuk za mizigo kutoka China nyingi hutumia 4.50-12 au 5.00-12, na matairi ya saizi hiyo hupatikana kwa nguvu tofauti tofauti. Chagueni kwa uzito wa siku ya mzigo mkubwa. Na kama kibati cha chombo kinasema uzito wa mwisho ni mdogo kuliko mnavyopakia, basi shida si tairi, ni mzigo.

Tairi la pikipiki ya kawaida nalo lisiwekwe nyuma hata kama fundi ana njia ya kulilazimisha. Pikipiki hulala kwenye kona, ndiyo maana tairi lake ni la duara juu. Tuktuk hailali. Tairi la duara litagusa lami katikati tu na kuisha hapo haraka.

Wazee wa huku wanakumbuka matairi ya Firestone yaliyotengenezwa Nairobi, na baadaye Yana ya kampuni ya Sameer. Kiwanda hicho kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Sasa sehemu kubwa ya matairi ya tuktuk madukani yanatoka India na China, mazuri na mabaya yakiwa rafu moja. Kusoma ubavu wa tairi ndiyo kinga aliyo nayo mnunuzi wa kawaida.

Someni pia umri. Tafuta namba nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililoning'inizwa juani mbele ya duka miaka mingi ni jipya kwa jina tu. Likunje kwa mikono, uangalie kama kuna nyufa ndogo ndogo.

Kuna pia yale ya kuchongwa. Tairi kipara linachukuliwa, linachongwa mistari mipya kwa kisu cha moto, linapakwa rangi nyeusi, linang'aa. Mistari ni mipya lakini mpira uliobaki juu ya nyuzi ni mwembamba kama karatasi. Tairi kipara lifae akala, ambazo zimetembea nchi hii miaka mingi, lisirudi barabarani.

Kuhusu meno: kwa njia ya lami kati ya Thika na Ruiru, meno makubwa ya matope hupata joto na kuisha upesi. Meno ya kadiri, yenye mifereji ya kutoa maji, yanatosha. Wanaofanya kazi upande wa mashariki, kwenye udongo mweusi, wanaweza kuchagua meno ya ndani zaidi, ingawa mvua ya Aprili ikikolea hata trekta hukwama huko.

Mweka hazina atauliza bei. Hesabu bei kwa kilomita. Tuseme tairi la shilingi 2,000 linaisha baada ya kilomita 8,000, na la shilingi 3,200 linakwenda kilomita 20,000. La kwanza linakula senti 25 kwa kila kilomita, la pili senti 16. Na hapo hatujahesabu pancha, wala nyanya zilizolala njiani hadi jioni. Dereva aandike kilomita siku tairi linapofungwa. Bila hivyo mtaendelea kubishana kwa maneno.

Nunueni mawili kwa pamoja, ya aina moja. Katikati ya ekseli ya nyuma kuna gia zinazoruhusu gurudumu moja kuzunguka kuliko jingine kwenye kona. Tairi moja likiwa jipya na jingine limeisha, moja ni kubwa kidogo, gia hizo hufanya kazi hata kwenye njia iliyonyooka, na chombo huvuta upande. Pesa zikikosa, ni afadhali kungoja wiki mbili mkipunguza mzigo. Kati ya mazee, lililo zuri kidogo liwe akiba. Kabla ya kuyatupa, yasomeni: lililoisha katikati lilijazwa upepo kupita kiasi, lililoisha kingo zote mbili lilikuwa na upepo mdogo, lililoisha upande mmoja linaonyesha ekseli au rimu imepinda. Mkifunga jipya bila kurekebisha hilo, nalo litaisha vivyo hivyo. Tyubu iwe mpya na ya saizi yake, maana ya zamani imeshatanuka na itajikunja ndani.

Sasa jambo la hatari, na tunaomba lisomwe kwa sauti kwenye mkutano. Rimu za tuktuk nyingi ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati. Kuna nati za kufunga gurudumu kwenye chombo, na kuna nati za kushikanisha vipande vya rimu. Kijana wa pancha akifungua hizi za pili upepo ukiwa bado ndani, vipande huachana kwa kishindo na kuruka usoni. Kwanza toa upepo wote, ng'oa kabisa kisindi cha ndani ya mdomo wa tyubu, bonyeza tairi uhakikishe limelegea, ndipo ushike spana ya nati za rimu. Wakati wa kujaza, asimame kando, asiinamie.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, kwa kipimo, si kwa teke. Fuateni kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha chombo, na kisipite kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Baada ya kama kilomita 50 za kwanza, nati za gurudumu zikazwe tena.