Usafi wa hifadhidata una wakati wake

Wahenga walinena kwamba kila jambo na wakati wake. Hekima hiyo naiona ikipuuzwa na baadhi ya watu wanaoigeuza kompyuta ya nyumbani kuwa mtambo wa kurekodi vipindi vya televisheni.

Programu ya MythTV, iliyoasisiwa na Isaac Richards mnamo 2002, ni mfano mzuri. Kila kipindi kinaporekodiwa, habari zake huandikwa katika hifadhidata: jina, stesheni, saa, na alama zinazomwezesha mtazamaji kurukia sehemu aitakayo. Vipindi vya zamani vinapofutwa, mapengo hubaki. Hifadhidata isipopangwa upya mara kwa mara, kutafuta kipindi huwa kwa mwendo wa kobe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Swali basi si kama usafi ufanywe, bali ufanywe lini. Wapo wanaoupangia saa nane au saa tisa usiku, wakidhani dunia yote imelala. Mimi siafiki. Nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1994 kati ya Brazil na Uswidi, iliyochezwa Pasadena, Marekani, ilianza saa nane na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Mchezo wa saa kama hiyo ndio hasa mtu huuachia mtambo umrekodie. Usafi ukianza wakati huo, jedwali linalopangwa laweza kufungwa, na mtambo unaotaka kuandika humo ukalazimika kungoja. Matangazo ya moja kwa moja hayamngoji mtu.

Wengine husema usafi ufuate papo hapo kila rekodi inapokwisha. Hao wameukaribia ukweli, lakini hawajaufikia, kwani rekodi nyingine yaweza kuwa mlangoni.

Kwa maoni yangu, rekodi ikiisha, programu ijiulize maswali matatu. Je, kuna rekodi nyingine inayoendelea? Je, ijayo iko karibu? Je, kuna mtu anayetazama? Majibu yote yakiwa la, na usafi haujafanywa siku hiyo, kwanza itoe nakala ya hifadhidata, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi jedwali laweza kuharibika. Kisha isafishe, ndipo ijizime.

Usafi uliokosa nafasi leo waweza kufanywa kesho. Kipindi kilichopita bila kurekodiwa huenda kisionekane tena.